Kompyuta Niliyogawiwa Nayo

Binti yangu hunicheka sana. Simu ikiniletea ule ujumbe wake wa kuomba isasishwe, mimi kwanza natoka nje nikatazame mawingu. Tunaishi Dodoma, nchi kavu, wingu lenyewe likipita linapita kwa haraka kama limekosea njia, lakini natazama. Nikiona weusi upande wowote naiambia simu isubiri. "Mama, simu ina betri yake, mvua inahusikaje?" ananiuliza. Namjibu anyamaze, yeye hakulelewa Bukoba. Ninyi wa rika langu mliokulia kando ya lile ziwa hamtacheka, nawajua.

Radi ya Bukoba haina adabu, jamani. Inaanzia huko majini ikinguruma kwa upole, watu wanaendelea kumenya ndizi zao, mara tu imeshaingia mjini na inapasua juu ya bati lako kana kwamba imetumwa kwako peke yako. Kila nyumba ilikuwa na taratibu zake za radi, na nyumba ya Shangazi Leokadia pale Miembeni ilizishika kuliko kanisa linavyoshika Kwaresima. Wingu likijikusanya tu, kioo cha kujitazamia kinafunikwa kanga. Redio inachomolewa. Masufuria yaliyoanikwa nje yanaingizwa ndani mbio mbio. Aliyevaa nguo nyekundu anaivua, hata kama ni mgeni, anapewa shuka. Sisi watoto tulikaa sakafuni katikati ya sebule, mbali na mlango na dirisha, midomo imefungwa, maana Shangazi aliamini kwamba radi humsikia mtoto mbishi.

Nilifika kwenye nyumba hiyo baada ya msiba. Ilikuwa miaka ile, nanyi mnajua miaka ipi, wakubwa walipokuwa bado wanasimulia vita vya mpakani na mizinga yake, huku msiba wa wakati huo wenyewe wakiuzungumzia kwa macho tu. Kila wiki kulikuwa na kaburi la kuchimba mahali fulani. Baba yangu alitangulia, mama akamfuata kabla majani hayajaota vizuri juu ya baba. Sitasema mengi hapo. Nasema tu kwamba nilikuwa mtoto wa meno ya mbele kung'oka, na nilikuwa naamini kwamba watu wazima wote hatimaye huenda Muleba.

Muleba ndiko asili yetu, kwenye kibanja cha babu, ndani ya migomba na mibuni. Mtu wa ukoo wetu akizidiwa mjini, alivishwa soksi, akafungwa blanketi la kijivu, akapakiwa kwenye pikapu, na watu wakasema kwa sauti ya chini kwamba anapelekwa nyumbani. Mama alipelekwa hivyo hivyo, kichwa chake mapajani mwa Shangazi Leokadia. Sikuwahi kuona blanketi likienda Muleba na mtu wake akarudi.

Siku ya kuondoa matanga ukoo ulikaa kikao uani kwa babu, wanaume kwenye viti, wanawake kwenye mikeka, rubisi, ile pombe yetu ya ndizi, ikizungushwa. Mimi nilikuwa nimelala, nilipoamka nikajibanza kwenye mlango wa jiko na sahani yangu ya ndizi na maharage, nikasikiliza. Baba mkubwa, yule wa Nyanga, ndiye aliyesimama kutangaza yaliyokubaliwa, kwa sauti yake ya kusomea masomo kanisani. "Fredi na baiskeli, watakuja kwangu Nyanga," akasema. "Koku na kompyuta, Leokadia." Wazee wakaitikia, rubisi ikazunguka tena, mambo yakaisha.

Fredi ni kaka yangu, na Koku ndio mimi. Mtu mzima angeelewa kwamba kila anayemchukua mtoto wa marehemu anapewa na kitu cha marehemu, kimsaidie kumlea. Mimi nilielewa vingine. Nilielewa kwamba mtoto na kitu chake ni mzigo mmoja, na kwamba kitu ndicho kinachomshikilia mtoto mahali. Na kama mnadhani nilikuwa mjinga, sikilizeni hili. Baiskeli ya Fredi iliibwa sokoni, na muhula uliofuata Fredi akaondolewa Nyanga, akapelekwa Muleba. Nilikwenda kwa Baba mkubwa, nikakuta kitanda cha Fredi kimewekwa magunia ya kahawa. Hakuna aliyenieleza kitu, wala sikuuliza. Niliona mwenyewe kwa macho yangu kilichompata mtoto aliyepoteza baiskeli.

Kwa hiyo ile kompyuta niliichunga kuliko roho yangu. Baba alikuwa ameinunua ofisini kwake Mwanza walipoletewa mpya, na baada ya mazishi ilivuka ziwa kwa meli pamoja na makochi yetu. Ilikuwa na mgongo mnene na boksi lake la chini lenye uzito wa gunia la mchanga. Sisi Wahaya tukipata kitu kizuri tunakitafutia kitambaa. Shangazi aliifumia kitambaa cheupe chenye maua, na juu ya kitambaa akaweka vasi ya plastiki. Asubuhi kabla ya shule niliifuta vumbi, na kwa kuwa ilikuwa ya baba nilihisi ni mkubwa wangu, basi nikawa naiamkia. "Shikamoo," namwambia kimya kimya, halafu nakwenda kunywa uji.

Shangazi alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye maneno machache ya upole na mengi ya usafi. Zamani alifanya kazi ya kupiga chapa katika ofisi za serikali, na vidole vyake vilishuka kwenye zile herufi kama mvua ya mawe. Kwa kompyuta ile aliwachapia watu kadi za harusi na taratibu za mazishi. Miaka ile mazishi yalizidi, na harusi ikipatikana Shangazi aliichapa huku akiimba. Lakini kazi yake hasa, kazi ya moyo wake, ilikuwa nyimbo za kwaya. Alikuwa ameziokota kwa wazee wa parokia, nyimbo za Kihaya zilizoandikwa kwa mkono kwenye makaratasi yaliyoliwa na mende, na kila jioni alizichapa, ubeti kwa ubeti, ili kabla wazee hawajaisha kwaya iwe na kitabu chake. Mimi nilikaa chini ya meza nikisikiliza herufi zikigonga. Hapo ndipo nilipojiona salama kabisa.

Mambo yalikuwa shwari hivyo mpaka alipokuja Deo. Deo ni mtoto wa Baba mkubwa wa Nyanga, na wakati huo alikuwa anasoma chuo kikuu Dar es Salaam, jambo ambalo usingeweza kukaa naye dakika chache bila kulijua. Alikuja likizo amevaa viatu vya kuchongoka, akaitazama kompyuta yetu, akatikisa kichwa kama daktari. "Shangazi, mfumo huu umepitwa na wakati," akasema, kwanza kwa Kiingereza, kisha akajitafsiri mwenyewe. Alikuwa na sidii ya mfumo mpya mfukoni. Akasema ataipandisha darasa, ni kazi ya muda mfupi tu, kila kitu kitabaki mahali pake, na mashine itakwenda mbio.

Shangazi akamuuliza, "Na nyimbo zangu?"

"Zitabaki, Shangazi. Mimi si wa kubahatisha."

Kwingine kokote duniani jambo kama hilo hufanyika kimya kimya. Kwetu Miembeni liligeuka sherehe. Shangazi akawaalika majirani waje waone kompyuta ikipanda darasa. Akaja Ta Kato, yaani Bwana Kato, mwalimu mstaafu, na tai yake. Akaja katekista. Wakaja mama wa kwaya na vitenge vyao vya Jumapili, ingawa ilikuwa Jumamosi. Kikapu cha kahawa ya kutafuna kikazungushwa, katekista akaomba sala fupi isiyokuwa fupi, na Deo akatoa hotuba ndefu kuhusu dunia inakoelekea. Halafu akaingiza ile sidii, mstari wa bluu ukatokea kwenye kioo, ukaanza kusogea. Watu wakapiga makofi. Mama mmoja akapiga vigelegele kabisa, haki ya nani.

"Sasa isiguswe," Deo akasema. "Ikishaanza, imeanza."

Mstari ule ulisogea kama konokono. Wageni walikula, walikunywa, wakaanza kuzungumza habari nyingine. Deo naye akatoka uani kuwaelezea vijana jinsi Dar ilivyo. Mimi peke yangu nilibaki mbele ya kioo, na mstari ulikuwa umevuka katikati kidogo pale niliposikia ziwa likinguruma.

Shangazi alilisikia pia. Nilimwona akiinua kichwa. Sauti ya kwanza ikafuatwa na ya pili iliyo karibu zaidi, upepo ukagonga dirisha, halafu pa! Mwanga ukaingia sebuleni mzima mzima. Wale mama wa kwaya wakaanguka sakafuni kama mahindi. Na Shangazi Leokadia, mwanamke aliyezaliwa na kuzeekea Bukoba, mkono wake ukafanya kile ulichokuwa umefanya maisha yake yote. Akaruka, akachomoa plagi, akavua kanga yake akaitupa juu ya kioo cha kompyuta, akapiga ishara ya msalaba, akanivuta chini kwa sikio.

Deo aliingia amelowa chapachapa. Akaitazama ile kanga. Akautazama waya uliolala sakafuni.

"Nani amechomoa?"

"Mimi," Shangazi akajibu kwa fahari kubwa. "Nimeiokoa."

Sijawahi kuona uso wa mtu ukishuka vile. Deo alikaa kwenye kochi na maji yake, akakishika kichwa, na hakusema kitu kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili. Mvua ilipokwisha wakaiwasha. Ikaguna, ikapiga mlio mmoja, kisha kikatokea kioo cheusi na maneno meupe kwenye kona, ya Kiingereza. Hakuna aliyeondoka, maana nani angeondoka wakati kuna Kiingereza cha kusomwa? Kila mmoja akasogea kukitafsiri. Ta Kato akamsahihisha Deo matamshi. Katekista akasema maana yake ni kwamba mfumo haupo.

"Haupo umekwenda wapi?" akauliza mama wa vigelegele. "Si ulikuwepo asubuhi?"

"Ule wa zamani umeondoka, mpya haujafika," Deo akasema.

Nikaenda nikakaa chini ya meza yake.

Siku zilizofuata sebule yetu iligeuka wodi. Deo aliizima na kuiwasha, akaizima na kuiwasha. Akajaribu kuirudia ile sidii tangu mwanzo, mashine ikakataa hata kuisoma. Akaenda mjini akaazima flopi ya kuamshia mashine, akaiingiza, ikanguruma kidogo halafu yale yale maneno meupe. Akafungua boksi, akatoa vipande vya ndani, akaniomba kifutio changu cha shule akavisugua zile ncha za shaba mpaka vikang'aa, akavirudisha. Wapi! Nilitoa kifutio kile kwa moyo mmoja, na ningetoa hata daftari.

Majirani nao hawakutuacha. Mmoja akasema ianikwe juani kama godoro. Mwingine akasema ni husuda, tulialika watu wengi mno. Ta Kato, akitazama dari, akashauri isomewe maelekezo upya, kwa sauti, na mtu anayejua Kiingereza vizuri. Shangazi alipita karibu na meza akitazama pembeni, na jioni vidole vyake vilicheza vyenyewe juu ya magoti, bila herufi.

Mimi nilikuwa nimeshapiga hesabu zangu. Ikifa, naondoka. Kwa hiyo nikaamua kujifanya mtu ambaye haiwezekani kumtoa. Niliamka mapema kuliko jogoo nikafagia uwanja, nikaurudia. Niliosha vyombo visafi. Nilipomwamkia Shangazi nilipiga magoti yote mawili hadi chini, kwa heshima ya kizamani ambayo hata yeye alikuwa ameiacha, nikabaki hapo hapo mpaka aniambie inuka. Chakula nilikula kidogo sana ili asione kwamba ninamgharimu. Nilicheka kwa kila alichosema, hata aliposema chumvi imekwisha.

Shangazi alinitazama kwa wiki nzima kwa wasiwasi, akanishika paji la uso, akanifunua jicho, mwishowe akamwambia Deo, "Mtoto huyu ana minyoo." Nikanyweshwa dawa ya minyoo, chungu ile, kijiko kikubwa, na kesho yake nikafagia uwanja mara tatu huku tumbo linanikata.

Halafu asubuhi moja nikatoka chumbani nikakuta blanketi la kijivu mezani. Boksi la kompyuta lilikuwa limelazwa katikati yake, na Shangazi alikuwa anakunja pembe moja baada ya nyingine, taratibu, kwa mikono ile ile niliyoiona ikifanya hivyo zamani.

"Inaenda wapi?" nikauliza.

"Muleba," akasema, bila kugeuka.

Nilirudi chumbani, nikatia magauni yangu na sare ya shule kwenye mfuko wa rambo, nikavaa viatu, nikatoka. Nilikuwa nimeshakata shauri kwamba sitalia, maana Fredi hakulia. Shangazi akauona ule mfuko. "Nguo za kubadilisha ukitapika njiani?" akasema. "Umefikiria vizuri, una akili." Akanipandisha garini kabla sijamjibu.

Pikapu ilikuwa ya Mzee Hasanali mwenye duka la vipuri mjini. Familia yake ilikuwa kati ya zile chache za Kihindi zilizobaki pale, naye alizungumza Kihaya kilichonyooka kuliko changu. Siku hiyo alikuwa anapeleka bidhaa Muleba, akatupa nafasi. Shangazi na mimi tulikaa mbele, Deo nyuma na lile blanketi.

"Deo, mgonjwa umemlaza vizuri?" Mzee Hasanali akapaza sauti dirishani. "Barabara mbaya hii, atakufia njiani!" Akacheka mwenyewe mpaka miwani ikamshuka. Kila tulipopita shimo aliuliza hali ya mgonjwa, na kila alipouliza mimi niliubana ule mfuko.

Nilikuwa naijua njia. Nilijua mahali tunapokata kona kuingia kwa babu, pale penye msonobari uliopinda. Nikausubiri. Ukatokea, ukasogea, nikafumba macho nisubiri gari likunje. Halikukunja. Likanyoosha moja kwa moja. Nilipofumbua tulikuwa tumeshapita, na Shangazi alikuwa anamega muwa kana kwamba hakuna kilichotokea. Hapo ndipo nilipochanganyikiwa kabisa. Kumbe hata nyumbani siachwi? Basi napelekwa kwa nani?

Tulikwenda hadi hospitali moja ya misheni, tukashushwa mbele ya jengo lenye paneli za umeme wa jua. Akatoka sista mnene, mikono ya kanzu amekunja mpaka kwenye viwiko, bisibisi imechomekwa mkandani karibu na rozari. Huyu ndiye Sista Regina, aliyesoma mambo ya kompyuta ng'ambo na kuzitunza zote za hospitali ile. Alisoma darasa moja na Shangazi utotoni, wakasalimiana kwa kupigana mabegani kama wanaume.

"Mawe! Mama yangu, Leokadia! Umekonda. Na huyu ndiye msomi wetu? Na huyu?"

"Koku wa kaka," Shangazi akasema.

Sista akanitazama kidogo, akanipa ndizi mbivu, halafu akafungua blanketi. Mimi nilisimama ukutani na mfuko wangu. Aliunganisha boksi na kioo chake, akawasha, akasoma yale maneno meupe akatikisa kichwa, akaanza kubonyeza. Deo alimweleza aliyoyafanya, naye akaitikia "ndiyo, hata mimi ningeanzia hapo," na wakabishana kwa furaha kuhusu vitu nisivyovijua. Walifungua, walifunga, walibadilisha waya. Baada ya muda Sista akakaa kitako, akajifuta jasho.

"Leokadia, sikiliza," akasema. "Ilikatwa katikati ya safari. Nusu ya mfumo wa zamani imeshafutwa, nusu ya mpya haijaingia. Imesimama njiani, haijui irudi au iende."

Nilimwelewa Sista kuliko wote mle ndani.

"Una njia mbili," akaendelea. "Uipandishe meli iende Mwanza. Yuko fundi kule, anaweza kuzitoa nyimbo zako. Anaweza, sikuahidi. Atakaa nayo miezi. Au niifute yote sasa hivi, niweke mfumo mpya kwenye mashine tupu, na jioni uondoke nayo ikiwa nzima. Ila nyimbo ndiyo basi."

Shangazi akakaa kwenye benchi. Alikuwa amezichapa nyimbo zile jioni kwa jioni, karibu mwaka.

"Iende Mwanza," akasema polepole. "Itabidi iende Mwanza."

Hapo nikashindwa. Nilikuwa nimejizuia tangu ile radi, na sasa sauti ikatoka yenyewe, kubwa, mbele ya sista.

"Na mimi Mwanza nitakaa kwa nani?"

Wote wakageuka. "Nani amekutaja wewe?" Shangazi akauliza.

"Si nimegawiwa nayo? Baba mkubwa alisema. Koku na kompyuta, Leokadia. Na baiskeli ya Fredi ilipoibwa, Fredi akaondolewa. Nguo nimeshafunga." Nikaonyesha ule mfuko, maana sikujua nionyeshe nini kingine.

Deo akaanza kucheka, kisha kicheko kikamfia mdomoni. "Koku," akasema, "Fredi alifaulu. Yuko shule ya bweni, huko huko Muleba. Baba hakukwambia?"

Hakuna aliyeniambia. Nani humweleza mtoto? Shangazi hakumtazama hata Deo. Aliinuka kwenye benchi, akaja, na yule mwanamke mrefu mkavu akapiga magoti mbele yangu kwenye sakafu ya hospitali, na gauni lake la safari.

"Ulianzia wapi kusikiliza kile kikao?"

"Baba mkubwa aliposimama."

"Mimi nilisimama kabla yake," akasema. "Ulikuwa umelala. Rubisi ilikuwa haijamiminwa bado. Nilisimama mbele ya wazee wa ukoo, mimi mwanamke, nikasema huyu mtoto wa kike wa kaka yangu namtaka mimi. Wakaniambia nikae, zamu ya wanawake bado. Nikawaambia sikai. Nilisimama mpaka miguu ikafa ganzi, mpaka wakasema haya, mchukue." Akaishika mikono yangu. "Hii mashine ilikuja mwisho kabisa. Hakuna aliyeitaka, kila mtu aliogopa itamlia umeme. Wewe nilikuomba, Koku. Hii nilibebeshwa tu."

Nililia. Kwenye mazishi ya baba sikulia, ya mama pia watu walinisifu kwa kunyamaza, lakini siku ile nililia kwa sauti, kamasi na vyote, usoni mwa Shangazi, naye hakuniambia nijifute. Mzee Hasanali aliyekuwa amesimama mlangoni akaondoka akaenda kulitazama gari lake. Nilikuwa na furaha kiasi kwamba kifua kiliniuma, na sijui kama nimewahi kuipata tena ile, hata siku ya harusi yangu.

Shangazi akainuka, akakung'uta magoti.

"Sista, ifute," akasema.

"Leokadia, nyimbo zako."

"Makaratasi ya wazee yako kwenye sanduku langu. Huyu anajua kusoma, tena Kihaya chake kinahitaji mazoezi. Atasoma, mimi nitachapa. Ifute yote."

Sista Regina akamtazama, akanitazama mimi, akageukia kioo. Akabonyeza hiki na kile. Maneno meupe yakatokea mapya, mstari mmoja tu, na mwisho wake kitu kidogo kinachopepesa.

"Inauliza kama mna hakika," akasema.

Shangazi akanishika kwapani, akaniinua akanisimamisha juu ya kiti. "Mwonyeshe herufi ya ndiyo," akamwambia Sista. "Ajibu mwenyewe."

Nikabonyeza. Nikabonyeza kwa nguvu zangu zote, na kidole sikukiondoa, mpaka Sista Regina akanishika mkono kwa upole.

"Inatosha, mwanangu," akasema. "Imeshasikia."